Re: Mama wa miaka 58 anaweza kunyanyua vyuma?

Ndugu, umeuliza kama mama yako aanze mazoezi ya nguvu au vyuma ni vya vijana wanaotafuta kifua. Aanze tu. Misuli hupungua taratibu kuanzia miaka ya thelathini hivi, na kasi huzidi ukivuka 60. Asiyeipa kazi ndiye baadaye hainuki mkekani bila kushikwa mkono. Mifupa nayo hubaki imara ikibebeshwa uzito, jambo kubwa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Na kama ana kisukari, misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu.

Jimu si lazima. Aketi na kuinuka kitini mara 10, asukume ukuta, anyanyue madumu ya maji ya lita 5 (kila moja karibu kilo 5, vyuma vya bure hivyo). Shirika la Afya Duniani linashauri angalau siku 2 kwa wiki. Asibane pumzi anaponyanyua, presha hupanda ghafla. Akiwa na presha tayari, amwone daktari kwanza.

Mimi nilianza na kiti hichohicho. Siku hizi ndoo ya lita 20 naipandisha ghorofani mwenyewe, wajukuu wakinicheka ninavyohesabu ngazi kwa sauti.