Swali: Wasaidizi wangu wanapotea siku ya ruti kanali, nawafundishaje?

Swali: Habari daktari. Nina wasaidizi wawili hapa kliniki, kwenye kuziba na kung'oa wako vizuri, ila ikifika ruti kanali, ile kazi ya kusafisha na kujaza mifereji ya ndani ya mzizi, naomba kila kifaa mara mbili mbili, naishia kugeuka mwenyewe kutafuta kwenye trei. Nimewapa notsi za anatomia ya jino wasome, sioni mabadiliko. Nianzie wapi?

Jibu: Salama ndugu yangu. Hizo notsi ziweke pembeni kwanza, watazirudia baadaye. Shida ya ruti kanali kwa msaidizi mara nyingi sio kwamba hajui mzizi ukoje, shida ni kwamba haoni ndani ya jino, hajui saa hizi umefika wapi. Kwenye kuziba anaona kila kitu kwa macho, hapa anakuona tu umeinama unazungusha vidole. Kwahiyo kitu cha kwanza kumfundisha ni mfuatano: ganzi, kutenga jino, kufungua, kutafuta mifereji, kupima urefu, kusafisha na kupanua, kukausha, kujaza. Na wewe lazima ubadilike, uwe unasema kwa sauti "sasa napima", "sasa naosha". Akishajua hatua atajua kinachofuata bila kuombwa.

Mafaili ya mkono, vile visindano vyenye nyuzi vya kusafishia na kupanua mfereji, nayo wengi wanayakariri vibaya, mtu anajua "jekundu" basi. Mwambie namba ndo upana wa ncha, 25 ni milimita 0.25, afu rangi zinafuatana hivi: nyeupe 15, njano 20, nyekundu 25, bluu 30, kijani 35, nyeusi 40, halafu 45 inaanza tena nyeupe. Kwahiyo rangi peke yake haitoshi, jeupe la 15 na la 45 ni vitu viwili tofauti kabisa. Na kuna urefu pia, milimita 21, 25 na 31, ukimwambia nipe 25 bila kufafanua usimlaumu akikupa siyo. Mafaili ya mashine kila mtengenezaji ana mpangilio wake, hayo afundishwe kwa seti mnayotumia nyie.

Sasa hapa kwenye dawa za kuoshea ndo ningetumia muda mwingi kuliko sehemu yoyote, maana ndo msaidizi anaweza kuokoa au kuharibu. Hipokloraiti (jamii ya jiki), EDTA (inayoyeyusha tabaka gumu mferejini), klohexidini (ya kuua vijidudu) na maji ya chumvi zikishaingia kwenye bomba la sindano huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kila bomba liwe na lebo kabla halijajazwa, sio baada, na hipokloraiti isiwekwe kamwe kwenye kitu kinachofanana na sindano ya ganzi. Bomba liwe la kufunga kwa kuzungusha ili sindano isichomoke ikarusha dawa machoni, na mgonjwa avae miwani hata kama anasema hana haja. Sindano yenyewe iwe nyembamba, yenye tundu la pembeni, na msaidizi aweke alama milimita kama 2 pungufu ya urefu wa mfereji, ili wewe usikisie. Hipokloraiti ikisukumwa kupita ncha ya mzizi mgonjwa anapata maumivu makali ghafla, uso unavimba, damu inaweza kutoka kwenye mfereji, na hapo msaidizi asishangae, anatakiwa awe tayari anakupa maji ya chumvi wakati wewe unamtuliza mgonjwa. Jambo lingine, hipokloraiti na klohexidini zisikutane mferejini, zinatengeneza uchafu wa kahawia unaoziba na kubadilisha rangi ya jino, lazima maji ya chumvi yapite katikati. EDTA nayo inaidhoofisha hipokloraiti. Akielewa hiyo sababu hatakupa bomba kwa kubahatisha.

Raba ya kutenga jino, ile karatasi ya mpira inayovalishwa jino, msifanye bila hiyo, tafadhali. Inazuia mate kuingia, inazuia dawa kumwagika mdomoni, na faili likiteleza haliishii kwenye njia ya hewa. Msaidizi aitoboe, achague kibanio cha kuishikilia kwenye jino, akifunge uzi wa meno kabla hakijaingia mdomoni. Kama anaruhusiwa kuivalisha mwenyewe hiyo inategemea sheria za huko mliko, angalieni.

Kupima urefu: ndoano ya mashine ya kupimia ikae mdomoni mapema, na ajue kwamba jino likiwa limejaa maji au faili likigusa krauni (kofia ya jino) ya chuma mashine inadanganya, kwahiyo akiona namba zinarukaruka akupe pamba, asisubiri. Ukitaja urefu yeye arudie kwa sauti ndo aandike: mfereji gani, milimita ngapi, umepimwa kutoka ncha ipi ya jino, faili la mwisho namba ngapi. "20.5" peke yake kwenye kadi ya mgonjwa ziara ijayo ni kama hamna kitu.

Kupokezana vifaa iwe chini ya kidevu, juu ya kifua, kamwe sio juu ya macho. Kila faili likitoka afute, aangalie nyuzi zake kwenye mwanga, zikiwa zimefunguka au limepinda kusikoeleweka litupwe, na awe na mamlaka ya kukukatalia hata ukiwa na haraka. Ahesabu mafaili mwanzo na mwisho.

Mazoezi fanyeni kwenye vitalu vya plastiki au meno yaliyong'olewa, ila yenye amalgamu (zibo lenye zebaki) yasiingie kwenye autoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), mvuke wa zebaki sio mchezo. Mpe trei tupu, mwambie "molari ya chini, mifereji mitatu, leo tunasafisha tu hatujazi", aipange mwenyewe bila wewe kusema neno, halafu umuulize kila kitu kipo hapo kwanini. Akiweka gutapecha (ya kujazia mfereji) siku ambayo hamjazi, bado hatua hazijamkaa, rudini kwenye mfuatano.