Maumivu wakati wa tendo la ndoa: mwanasaikolojia anasaidiaje?

Pole sana mleta mada. Umesema tangu uolewe kila mkijaribu unahisi kama kuna ukuta, unaumia hadi machozi, vipimo havionyeshi kitu na shangazi anadai una jini mahaba. Sasa umeelekezwa kwa mwanasaikolojia, unauliza kama wanamaanisha unajitungia maumivu.

Hapana, dada yangu. Maumivu ni ya kweli. Nimepitia hayo hayo, na kungwi wangu aliniambia nivumilie tu, nitazoea. Hayazoeleki. Misuli inayozunguka uke inajibana yenyewe, kama jicho linavyofumba likirushiwa mchanga. Ukiumia leo, kesho mwili unaogopa kabla hujaguswa, unabana zaidi, unaumia zaidi. Kitaalamu inaitwa vajinismasi.

Kwanza hakikisha daktari wa wanawake amekuangalia kweli: maambukizi, fangasi, endometriosisi (tishu kama za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake), ukavu wa kipindi cha kunyonyesha, makovu ya kujifungua au ya kukeketwa. Kupima mkojo peke yake hakutoshi.

Mwanasaikolojia wangu alianza na jambo ambalo sikulitarajia: alitukataza kuingiliana kabisa kwa muda. Tushikane, tukandane, tuongee, basi. Utaratibu huu watafiti wa masuala ya tendo la ndoa, William Masters na Virginia Johnson wa Marekani, waliueleza tangu 1970. Mume wangu alinyamaza kidogo, akakubali. Usiku ule nililala kifuani kwake bila kuhesabu dakika nikisubiri aanze. Nyie mnaoumia mnajua hilo lina uzito gani.

Kisha niliandika hofu zangu daftarini, kuanzia ndogo hadi kubwa. Kuvua nguo taa ikiwaka. Kujitazama kwa kioo. Kujigusa kwa nje. Ncha ya kidole changu mwenyewe, kucha imekatwa, na kilainishi cha maji. Baadaye vipanuzi, yaani vijiti laini vya plastiki vya kuingiza ukeni, kuanzia chembamba kabisa. Kila hatua unaweka mkono tumboni, unavuta pumzi hadi tumbo linyanyuke, ukiitoa unalegeza mapaja na makalio. Unabaki hapo hapo mpaka woga ushuke ndipo usogee mbele. Kikiuma, unarudi hatua moja, hakuna kulazimisha.

Upande wa mawazo ulinigusa zaidi. Aliniuliza, "Nani alikuambia utachanika?" Nikakumbuka kwamba nyumbani mambo haya yalitajwa kwa vitisho tu. Tuliyachambua moja moja, nikaona ni mangapi niliyabeba tangu utotoni bila kuyahoji. Kama uliwahi kubakwa au kuchezewa, mwambie mwanasaikolojia mapema, maana hapo anaanzia mahali tofauti na anakwenda polepole zaidi.

Wanaokushauri unywe mvinyo au upake dawa ya ganzi ili "kazi iishe", achana nao. Ganzi inaficha maumivu, hofu inabaki pale pale. Na mume akilazimisha, huo ni ukatili, na mwili utazidi kujifunga.

Umeuliza uende na mumeo au peke yako. Kikao cha kwanza nenda peke yako useme yote, halafu aje. Wangu alipoonyeshwa mchoro wa misuli ile alinigeukia akasema, "Kumbe hukuwa unanikataa." Wako akigoma kuja, usisubiri, mazoezi ya pumzi na yale ya kidole unaweza kuyaanza bila yeye.