Apdeti ikigoma kuingia na kurudi nyuma, usikimbilie kupiga Windows upya

Mkuu, pole na hiyo mashine. Umesema laptop yako ya mtumba yenye Windows 11 inashusha apdeti vizuri, inafika asilimia sabini na kitu, inazima na kuwaka, halafu inaanza kuondoa ilichoweka na kukurudisha palepale. Kwenye historia ya apdeti imebaki namba 0x80073712. Umeshafuta folda ya SoftwareDistribution mara tatu kama video zinavyofundisha, na fundi wa mtaani kwako anataka apige Windows upya. Usimpelekee kwanza.

SoftwareDistribution ni ghala la muda tu. Apdeti inapokuwa inashuka huwekwa humo kabla ya kufunguliwa. Kuifuta kunasaidia pale mzigo uliposhuka nusu au ulipoharibika njiani, basi. Kwako mzigo unafika salama, unafunguliwa, unaanza kuingia, ndipo unagoma. Kwa hiyo mara zote tatu umechoma bando kushusha tena kitu ambacho hakikuwa na ubaya wowote.

Namba yako inasema jambo jingine. Windows ina hifadhi ya vipande vyake yenyewe, iko C:\Windows\WinSxS. Apdeti ya kila mwezi haiji na Windows nzima, inakuja na mabadiliko yanayopachikwa juu ya vile vipande vya zamani. Ikikuta kipande hakipo au kimeharibika, inasimama, na mashine inarudishwa ilivyokuwa. Kunaudhi, najua, ila bila hivyo ungekuwa umeshika laptop isiyowaka kabisa.

Ndiyo maana mtu akiniletea mashine huwa naomba namba ya kosa kabla ya kugusa kitu. 0x80072ee2 ni mtandao uliochelewa kujibu. 0x80070070 ni diski imejaa, na hapo mara nyingi unakuta GB kadhaa za video za WhatsApp. 0x80072f8f ilinichekesha: mteja alileta desktopu iliyoshindwa kushusha apdeti mwezi mzima, kumbe tarehe ilikuwa imerudi miaka kadhaa nyuma kwa sababu betri ndogo ya kwenye motherboard (ubao mkuu wa kompyuta), ile ya duara CR2032, imekufa. Saa ikiwa ya uongo, mashine inakataa vyeti vya usalama vya seva, na bila vyeti haishushi kitu. Betri mpya, nikarekebisha tarehe, ikaanza kushusha nikiwa bado nafunga skrubu.

Sasa hili lako. Limenikuta 2023 hapa steshenari. Kompyuta ya kaunta, tunayochapia barua za kuombea kazi, ilikuwa na Windows 10 toleo la 22H2. Umeme ulikatika apdeti ikiwa katikati, na UPS yangu ilikuwa pambo tu, betri yake ilishakufa. Umeme uliporudi ikawaka, ikafanya kazi kama kawaida, lakini kuanzia siku hiyo kila apdeti ikawa inarudi nyuma na namba hiyohiyo yako.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na sfc /scannow. Amri hiyo hurekebisha faili mbovu kwa kuchukua nzima kutoka WinSxS. Kama WinSxS ndiyo yenye ubovu, itachukua wapi? Ikaniambia imekuta faili zilizoharibika na nyingine imeshindwa kuzitengeneza. Utaratibu ni DISM kwanza, chombo cha Windows kinachotengeneza hiyo WinSxS yenyewe, sfc baadaye. Fungua Command Prompt kama administreta, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Yangu ilifika 62.3% ikaganda. Nikaenda kumpigia mteja fotokopi ya daftari zima, narudi bado 62.3%. Ikikutokea usiifunge; angalia taa ya diski, ikiwa inapepesa kuna kazi inaendelea. Baada ya kama nusu saa ikasogea, ikamaliza kwa kosa jipya, 0x800f081f. Maana yake imeshajua kipi kibovu, ila haijapata pa kuchukua kizima.

Basi nikanunua bando la usiku, nikashusha ISO (faili moja lenye diski nzima ya kuwekea Windows) ya Windows 10 kwenye tovuti ya Microsoft. Nikaibofya mara mbili, ikafunguka kama diski D. Hapa watu wengi hupotea, kwa hiyo taratibu. Ndani ya folda ya sources kuna faili linaloitwa install.wim, au install.esd, inategemea umeshusha kwa njia gani. Ndani yake yamo matoleo kadhaa, Home, Pro na mengine, kila moja na namba yake. Lazima uchague linalofanana na la mashine yako. Utayaona kwa:

DISM /Get-WimInfo /WimFile:D:\sources\install.wim

Pro kwangu ilikuwa ya 6. Nikaandika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:D:\sources\install.wim:6 /LimitAccess

(Likiwa la esd, badilisha wim kuwa esd sehemu zote mbili.) Ikagoma tena, 0x800f081f. Hiyo siku nililala na hasira. Kesho yake ndipo nikaelewa: ISO ilikuwa ya zamani kuliko mashine. Kompyuta ilishapokea apdeti za miezi mingi, na vipande vilivyoharibika vilikuja na hizo apdeti za baadaye. Kwenye ISO havikuwepo tangu mwanzo.

Nikaacha amri, nikaingia kwenye ile ISO nikabofya setup.exe Windows ikiwa imewaka, nikachagua kubaki na faili na programu zangu. Huku siyo kupiga upya. Inaweka Windows mpya chini ya vitu vyako. Ilichukua karibu saa mbili kwenye ile diski ya kuzunguka. Printa zilibaki, violezo vya barua vilibaki, na apdeti iliyogoma ikaingia mara ya kwanza. Ila kama chaguo la kubaki na programu limefifia halibofyeki, simama hapohapo. Mara nyingi toleo au lugha ya ISO haifanani na ya mashine, ukiendelea utapoteza programu.

Nikatangaza ushindi. Wiki tatu baadaye, 0x80073712 tena.

Safari hii umeme haukuwa umekatika. Ndipo nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Njano, Caution. Mstari wa Reallocated Sectors, yaani sehemu za diski zilizoharibika na kubadilishwa na za akiba, ulikuwa na hesabu, na nilipoangalia keshokutwa yake hesabu imepanda. Diski ilikuwa inakufa polepole, inakula vipande vya Windows kimoja kimoja, nami nilikuwa naujaza tena mtungi uliotoboka. Umeme niliusingizia bure, au labda ulisukuma tu kilichokuwa kimeinama. Nikanunua SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240, nikahamisha, na kuanzia hapo ile kompyuta ikawa inaingiza apdeti zake bila kuniita.

Kwa hiyo kabla ya amri yoyote, mkuu, hamisha kwanza faili zako kwenye flashi au diski ya nje, halafu angalia afya ya diski. DISM na setup zote zinasoma na kuandika sana. Diski iliyochoka inaweza kukata roho katikati ya kazi. Na kama ndiyo chanzo, fundi akipiga upya utalipa, utafurahi wiki chache, utarudi kwake.

Diski ikiwa nzima, bahati ni yako kwa sababu Windows 11 za karibuni zina njia ambayo mimi sikuwa nayo. Ingia Settings, System, Recovery, utaona kitufe cha Reinstall now chini ya maneno yanayotaja Windows Update. Kinashusha toleo lilelile ulilonalo na kulipachika upya, faili na programu zinabaki. Lile tatizo langu la ISO ya zamani halikuhusu. Kinakula GB kadhaa, na kama unatumia hotspot ya simu angalia usiwe umeiwekea alama ya mtandao wenye kipimo, utangoja mpaka uchoke. Chomeka chaja, chomoa flashi zote. Jaribu RestoreHealth kwanza lakini, maana ikikubali umeokoa bando.

Mwenzetu mmoja hapo juu kaandika kwamba namba za makosa hazina maana yoyote. Simlaumu, zipo za namna hiyo. Januari 2024 kwenye laptop yangu ya nyumbani ya Windows 10 iligoma apdeti ya KB5034441, namba 0x80070643, ambayo inasema tu kwamba kuingia kumeshindikana. Asante sana. DISM safi, sfc safi. Kumbe ile apdeti ni ya sehemu ya uokoaji ya diski, ambamo Windows huweka zana zake za kujitengeneza, na maelezo ya Microsoft yanataka sehemu hiyo iwe na MB 250 zilizo wazi. Yangu haikuwa nazo. Dawa ni kuizima kwa reagentc /disable, kupunguza C kidogo kwa diskpart (chombo cha kugawa diski kwa amri), kuifuta ile sehemu ya uokoaji na kuitengeneza upya kubwa zaidi. Nilikuwa nimeshaandika select partition 3, kidole kiko kwenye Enter, nikasita nikaandika list partition tena. Ya 3 ilikuwa GB 237, yaani C yangu yenyewe yenye picha zote za harusi ya dada. Ya kufuta ilikuwa ya 4, MB 500 na ushee. Apdeti iliingia, lakini kwa mtu asiyezoea diskpart ningemwambia aiache tu. Ilikuwa inaziba njia ya kukwepa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha yaliyomo kwenye diski, na laptop nyingi za mtaani hazijawashwa BitLocker hata siku moja.

Kwako namba inaeleweka, tuifuate. Leo niletee vitu viwili: picha ya CrystalDiskInfo ikionyesha rangi na mstari wa Reallocated Sectors kama upo (kwenye SSD angalia asilimia ya afya), na ukishaendesha RestoreHealth fungua C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log, shuka karibu na mwisho utafute Total Detected Corruption, nakili kuanzia hapo mistari kama kumi. Nikiona kilichoharibika ni vingapi na vingapi vimetengenezwa nitajua kama ubonyeze kile kitufe au uanze kutafuta SSD.