Nyumba kwanza, samaki nyuma

SWALI: Jambo Yaya. Niko nasoma biolojia hapa Bukavu na natafuta suje ya TFC, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo. Prof alituambia kama kuna viumbe vya bahari vyenye kujengea wengine mahali pa kuishi, akataja matumbawe, mikoko na chaza, lakini saa ikaisha mbele aeleze vizuri. Kiumbe kimoja kinaleta namna gani mamia ya wengine? Na sisi watu wa Kivu tusio na bahari, hiyo inatuhusu wapi? (Mwanafunzi, Ibanda)

JIBU: Mdogo wangu, umeuliza swali nalipenda sana. Anza na mchanga mtupu chini ya maji: samaki mdogo hana pa kujificha, yai halina pa kushika, mawimbi yanasomba kila kitu. Sasa kiumbe kimoja kije kisimame hapo kisiondoke, basi maji yanapunguza mbio, tope linatulia, kivuli kinapatikana, mashimo makubwa na madogo yanapatikana, na kila shimo linapata mwenyeji wa kipimo chake, na huyo mwenyeji naye ni chakula cha mwingine, njo namna mamia wanafika.

Matumbawe watu wengi wanayaita mawe, kumbe ni wanyama wadogo sana wanaotoa chokaa, na ndani ya mwili wanabeba vimea vidogo vinavyowalisha. Miamba yao haifiki hata 1% ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe vya bahari inaitegemea. Maji yakipata moto kupita kiasi wanapoteza vile vimea, wanakuwa weupe, wanaweza kufa, kama ilivyotokea 1998 Kenya, Tanzania na Seychelles. Na tazama hii: mwamba ukifa samaki hawaishe siku ileile, wanapungua zaidi kisha, wakati mifupa ya matumbawe inabomoka na mashimo yanakwisha. Njo maana naona kuhesabu samaki bila kuangalia nyumba yao ni kazi nusu.

Na si kweli kama hatuna bahari! Kongo iko na pwani ya kilomita kama 40 kule Muanda, na Parke ya Mikoko iliwekwa 1992. Mzizi mmoja wa mkoko unaoingia majini unaweza kubeba chaza waliojibandika, kaa wakipanda na kushuka, na katikati ya mizizi samaki wachanga wanakulia mule kwa sababu samaki mkubwa hapiti. Wenye kukata mikoko kwa kuchoma makala wanakata na samaki wa mwaka ujao, na hiyo inaniuma kweli.

Chaza naye ana yake. Mmoja mkubwa, maji yakiwa mazuri, anaweza kuchuja mpaka lita 190 kwa siku, na watoto wake wanapenda kushika juu ya maganda ya wazee. Kule Chesapeake Bay, Marekani, walivuna chaza pamoja na maganda bila kurudisha, magonjwa nayo yakaja, leo wamebaki kama 1% ya wale wa zamani.

Sasa hayo maganda njo yananifikisha kwetu. Ziwa Kivu sitakudanganya, kuanzia mita kama 60 kwenda chini hakuna oksijeni, samaki wote wako juu na kando. Lakini shuka Ziwa Tanganyika: kuna konokono anaitwa Neothauma, akikufa ganda lake linabaki, na mahali pengine yamelala mengi kabisa juu ya mchanga. Kuna samaki wadogo wanaoishi ndani yake, wanataga mule, wanalea mule. Mwingine anachimba mchanga chini ya ganda mpaka lizame, anaacha mlango tu, na ukimkaribia anaingia mbio! Konokono alishakufa zamani, na bado anapangisha watu.

Kwa TFC yako ningefanya hivi: enda Uvira ao Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, uliza wavuvi wapi maganda yamelala mengi na wapi ni mchanga mtupu, chagua pahali pa kina kimoja, hesabu aina za samaki pande zote mbili kwa kipimo kilekile, asubuhi na jioni. Maganda usiyatoe majini, hata moja la kuonyesha prof, piga picha tu.