Tabora Hadi Kigoma kwa Gari: Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote ni za likizo ya Desemba. Wengi wanatoka Tabora kwenda Kigoma kuona wazee, wachache wanatoka Kigoma kuja Tabora. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa kila atakayeshika njia hiyo.

Tuna Noah, tutakuwa watu saba, tunakwenda Ujiji. Mume wangu anasema kilomita 400 ni saa tano tu, tuondoke baada ya chai. Mimi naona si kweli. Tusuluhisheni. (Mama wa watoto watano, Kiloleni, Tabora)

Mama, hesabu iko upande wako. Tabora hadi Urambo ni kama kilomita 90, Urambo hadi Kaliua 30, Kaliua hadi Uvinza karibu 190, na Uvinza hadi Kigoma mjini kama 105. Jumla inapita 400 kidogo. Sasa chukua kilomita 100 tu za hizo ziwe ndani ya vijiji na miji, kwenye vibao vya 50. Hapo saa mbili zimekwisha. Zilizobaki, hata ukizikimbia kwa 90 bila kukanyaga breki, ni saa tatu na nusu. Bado hujahesabu matuta, ng'ombe wanaovuka, mtoto anayetaka kujisaidia na lori usiloweza kulipita. Weka wastani wa kilomita 60 kwa saa, kisha ongeza saa moja na nusu ya kusimama. Hizo ni saa nane na nusu.

Kinachopanga safari hii ni mwanga. Huku kwetu jua linachelewa: Kigoma liko nyuma ya Dar es Salaam kwa karibu dakika 40, na Tabora kwa karibu dakika 25, ingawa saa za ukutani ni zilezile. Desemba, saa 12 kamili asubuhi Tabora bado ni giza, na jua hutoka karibu na saa 12 na nusu. Kwa hiyo msing'oke saa 11 alfajiri kama watu wa pwani. Ondokeni saa 12 na nusu, mkaone vizuri baiskeli za mkaa zisizo na taa. Saa 2 mko Urambo, saa 2 na nusu Kaliua. Jazeni mafuta, nyosheni miguu, saa 3 muwe barabarani. Uvinza ni saa 6 na nusu hadi saa 7 mchana, hapo ndipo pa kula. Saa 9 alasiri au 10 mko Ujiji.

Kuna sababu nyingine ya kutaka kufika mapema. Mnaelekea magharibi. Kuanzia saa 11 jioni jua linashuka mbele ya kioo, na dereva hamwoni mtu aliye kwenye kivuli cha mwembe pembeni. Kioo chenye utando ndani ndicho kinachoua macho kabisa. Kabla ya safari futeni upande wa ndani kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kwa gazeti kavu. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: asubuhi hadi saa 2 jua liko usoni, kwa hiyo nendeni taratibu mpaka lipande.

Nina IST. Jamaa wananiambia mvua zikianza nisithubutu. Nithubutu? (Msomaji, Isevya, Tabora)

Inafika, lakini kwa masharti. Barabara hii imejengwa vipande vipande kwa miaka mingi, na kila kipande kina umri wake na mashimo yake. Usimuulize mtu aliyepita mwaka juzi. Nenda stendi siku moja kabla, umuulize dereva wa basi aliyeingia jana, na umuulize hasa kipande cha kati ya Kaliua na Uvinza, kwenye bonde la mto Malagarasi. Akikuambia kuna mchepuko wa udongo, muulize urefu wake, na kama magari madogo yanapita au yanavutwa.

Tumbo la IST liko juu ya ardhi kwa kama sentimita 15 likiwa tupu, na ukipakia watu watano na mizigo linashuka zaidi. Sampo ya oili, yaani bakuli la chini ya injini, ndiyo iko hatarini. Kwenye njia iliyochimbwa na malori usiweke magurudumu ndani ya mifereji miwili. Panda gurudumu moja kwenye mgongo wa katikati na jingine ukingoni.

Kwenye maji, shuka upime kwa miguu na fimbo. Maji yaliyotulia yakipita katikati ya gurudumu, yaani pale penye nati, usiingie. Maji yanayokimbia ni jambo jingine kabisa: kina cha sentimita 30 kinatosha kuliinua gari dogo na kulipeleka. Ngoja. Mvua za huku huwa kubwa na fupi, na maji yaliyojaa saa 8 mara nyingi yamepungua saa 10. Ukivuka, weka gia ya chini kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, usiachie mafuta. Ukitoka, kanyaga breki kidogokidogo mara kadhaa ili zikauke.

Injini ikizima ndani ya maji, usiiwashe tena. Hewa hubanwa ndani ya silinda, maji hayabanwi. Pistoni ikikutana na maji, kinachopinda ni konrodi, yaani mkono wa chuma unaoshika pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine. Sukumeni gari nje, fundi afungue plagi, azungushe injini kwa starta ili maji yaruke kupitia matundu ya plagi, akague chujio la hewa na oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwagwe yote, iwekwe mpya kabla ya kuwasha.

Ukikwama kwenye tope usikanyage mafuta kwa hasira, gurudumu linachimba kaburi lake. Ondoa tope mbele ya matairi, weka matawi, punguza upepo wa matairi ya mbele hadi kama psi 20, kisha toka taratibu kwa gia ya pili. Beba pampu ya kurudishia upepo. Ukikimbia kwenye lami na psi 20 tairi linachemka na kupasuka.

Nibebe petroli kwenye dumu au nitegemee sheli za njiani? (Fundi cherehani, Mwanga, Kigoma)

Kwanza ujue gari lako linakula kiasi gani. Jaza tanki hadi bomba la pampu lijikate lenyewe, rudisha mita ndogo kwenye sifuri, tembea walau kilomita 100, jaza tena kwenye sheli ileile. Lita zilizoingia gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Tuseme ni lita 10 kwa kilomita 100. Kilomita 415 zinataka lita 41 na nusu. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa mizigo na kiyoyozi, unapata karibu 46. Weka akiba ya lita 10. Ukiwa na tanki la lita 45, ni lazima ujaze mara moja njiani, na pa kujaza ni Kaliua au Uvinza kutegemea unakotoka. Kanuni ya madereva wa huku ni nzuri: nusu tanki ihesabu kuwa tupu.

Dumu la plastiki la mafuta ya kula ndani ya gari, hapana. Mvuke wa petroli unajaa mle mnamokaa watoto, na cheche moja inatosha. Ukilazimika, tafuta dumu la chuma lenye mfuniko wa kukaza, usijaze hadi mdomoni kwa kuwa petroli hutanuka kwenye joto, na wakati wa kulijaza liweke chini, ardhini, si ndani ya buti.

Petroli ya chupa inayouzwa vijijini kwa ajili ya bodaboda iwe ya shida tu. Iache chupa itulie dakika tano, itazame ikiwa juani: maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo ukiona mstari chini, kuna maji. Mimina ya juu kupitia kitambaa safi, lita za kukufikisha sheli tu.

Nikifika mwendo wa 80 usukani unatetemeka, ilhali nilifanya balansi wiki mbili tu zilizopita. (Dereva, Kasulu)

Je, ulipita kwenye tope? Lala chini uangalie ndani ya rimu, upande usioonekana ukiwa umesimama. Tope la njia za huku hunata humo, likikauka huwa kama tofali lililobandikwa upande mmoja, na gurudumu linapoteza uwiano wake. Kigongo cha ukubwa wa ngumi kinatosha kutikisa usukani mzima. Osha rimu zote nne kwa ndani kabla hujamlaumu fundi au kulipia balansi nyingine.

Lakini kabla hata ya kuosha, shika spana ukaze nati za magurudumu, ukiruka kwa msalaba, si kwa kuzunguka. Kisha pitisha kiganja ubavuni mwa kila tairi. Ukigusa uvimbe kama jipu, nyuzi za ndani zimekatika kwa kupiga shimo; tairi hilo halifiki Uvinza, weka spea. Ukiwa hapo soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. Zikisomeka 2317, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017, na hata likiwa na meno mazuri mpira wake umeshachoka kwa safari ya joto. Usisahau kupima upepo wa spea. Wengi hugundua spea haina upepo siku ya pancha.

Mtetemo ukija pale tu unapokanyaga breki, tatizo ni diski. Gari likivuta upande mmoja bila kutetemeka, ni alaimenti au upepo usiolingana.

Mshale wa joto unapanda nikiwa kwenye milima ya kwenda Kidahwe. Rejeta ni mpya. (Mwalimu, Kasulu)

Angalia unapanda lini. Ukipanda mwendo ukiwa mdogo na kushuka ukikimbia, feni haifanyi kazi: pima fyuzi, relei na mota yake. Ukipanda unapokimbia au kupandisha mlima kwa nguvu, maji hayazunguki vizuri au hewa haipiti: themostati (mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) imekwama, maji yamepungua, au mapezi ya rejeta yamezibwa na wadudu na mbegu za nyasi. Rejeta mpya nayo huzibika. Ioshe kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutokea upande wa injini kwenda nje.

Mshale ukipita alama ya kawaida, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho hata kama mtatokwa jasho, kwani hita ni rejeta ndogo. Tafuta pa kusimama. Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa walau nusu saa. Maji ya ndani yako kwenye mgandamizo na yatakurukia usoni. Ongeza maji kidogokidogo injini ikiwa imepoa.

Beba lita 10 za maji safi kutoka nyumbani. Na tunasema hili kwa sababu ya njia yenyewe: Uvinza ni mji wa chumvi, na chumvi imetengenezwa kutoka chemchemi zake tangu enzi. Maji utakayopewa maeneo hayo yaonje kwanza. Yenye chumvi yakiingia kwenye rejeta ya aluminiamu yanaitafuna.

Mbung'o wa msituni wanatusumbua ndani ya gari. Dawa gani? (Sikonge)

Mbung'o, au ndorobo, hufuata kitu kinachotembea na chenye rangi ya buluu au nyeusi. Dawa za kujipaka za mbu haziwazuii sana. Funga vioo kwenye vipande vya msitu, vaa nguo za rangi ya kaki au kijivu chepesi zenye mikono mirefu, na ukisimama usiache mlango wazi. Aliyeumwa akapata homa baada ya siku au wiki kadhaa aseme hospitali kwamba alipita kwenye mbung'o, ili wapime malale na si malaria peke yake.

Naweza kuendesha hadi Gombe? (Nzega)

Hapana. Gombe hufikiwa kwa boti kupitia ziwani. Acha gari Kigoma penye mlinzi; boti za abiria za upande huo huondokea Kibirizi.

Tunarudi na mawese na dagaa. Mara ya mwisho yalimwagika garini, harufu haijaisha hadi leo. (Urambo)

Mawese hutanuka gari likipata joto, na dumu lililojaa hadi mdomoni husukuma mfuniko. Acha nafasi ya vidole vinne, weka nailoni nene mara mbili juu ya mdomo kabla ya kufunga, kaza, kisha lilaze dumu kwa dakika kumi palepale sokoni. Likivuja, muuzaji akubadilishie. Ndani ya gari lisimame wima, ndani ya beseni, limebanwa na mizigo mingine.

Dumu la lita 20 lina kama kilo 18, uzito wa mtoto wa miaka mitano. Madumu sita ni zaidi ya kilo 100. Yasiende kwenye keria ya juu: gari litayumba kwenye kona. Yapange chini, karibu na mgongo wa kiti cha nyuma, na uongeze upepo wa matairi ya nyuma kama kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinavyoelekeza kwa gari lililopakia. Dagaa ndio waende juu, maana ni wepesi, lakini wawe wakavu kabisa, ndani ya gunia, chini ya turubai lililofungwa pande zote. Mvua ya Kaliua ikiwafikia, mtakuwa mmebeba mbolea.