Shangazi Anajibu: Mkoba unauzika ila hela haionekani

Wiki hii barua nyingi zimetoka kusini, Mtwara na Lindi, na karibu zote zinahusu kazi za mikono, mtu anapenda kusuka au kuchonga au kufuma alafu anataka imlipe. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana naona ndo inawagusa wengi.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi niko Mikindani, nasuka ukili, ile mikanda ya majani ya mkindu, tangu mdogo, bibi ndo alinifundisha. Zamani nilikua nasuka mikeka ya nyumbani tu ila sa hivi nashona mikoba, naweka kitambaa cha ndani na zipu, watu wanaipenda, nauza elfu 12. Shida yangu nauza kweli lakini hela siioni, nikishauza nanunua ukindu mwingine imeisha. Nikisema nipandishe bei majirani wanasema nimeanza kuringa. Sasa kuna mama wa Dar ana duka anataka mikoba 20 kwa elfu 9 kila mmoja, mali kauli, yaani analipa akishauza. Nyumbani wananiambia niache nikakaange vitumbua. Nifanyeje? – Msusi, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya mama wa Dar na kabla ya vitumbua chukua daftari tupige hesabu, maana barua yako nzima umetaja bei ya kuuzia ila hujataja hata mara moja mkoba unakugharimu shilingi ngapi. Ntaweka namba za mfano, wewe utabadilisha uweke za kwako. Tuseme ukindu na rangi ni 3,500, kitambaa na zipu 3,500, na vile vidogo ambavyo hakuna anayevihesabu, uzi, sindano zinazokatika, mkaa wa kuchemshia rangi, nauli ya kwenda Mtwara mjini kununua zipu, weka 2,000. Jumla 9,000. Unauza 12,000 inabaki 3,000. Sasa niambie mkoba mmoja unakuchukua muda gani, kuanzia kuchana ukindu, kuchemsha, kuanika, kusuka, mpaka kushona? Kama ni siku mbili basi unafanya kazi kwa 1,500 kwa siku. Na huyo mama wa Dar anayetaka kwa 9,000, hapo umemsukia mikoba 20 bure kabisa, siku 40 za kazi, na hiyo hela ya vifaa vyako utaingoja mpaka atakapojisikia kukupigia simu.

Kwa hiyo kosa haliko kwenye kazi yako wala kwenye soko, liko kwenye bei ambayo haina ndani yake siku zako mbili. Zihesabie. Ukijilipa 8,000 tu kwa siku, ambayo si hela ya kuringia, mkoba umeshafika 25,000 kabla hujaweka faida, so ukiuuza 30,000 au 35,000 hujamuibia mtu. Najua moyo umeshtuka kusoma hiyo namba, na jirani yako naye akiisikia atashtuka, lakini mwanangu jirani yako si mteja wa huo mkoba! Jirani ana mkindu bondeni na bibi yake naye anasuka, ye anajua ukindu unapatikana vipi, kwake huo ni ukili tu. Mteja wako ni dada anayefanya kazi ofisini Dar ambaye hawezi kusuka hata pima moja, ni mgeni anayelala kwenye lile Boma la Wajerumani hapo hapo Mikindani, lilijengwa 1895 na siku hizi ni hoteli, ni mtu anayetafuta zawadi ya harusi ambayo haijafungwa kwenye katoni ya vyombo. Hao ndo wa kuwatafuta. Nenda hotelini na mikoba mitatu mizuri, omba kuongea na meneja, muulize kama wageni wanaweza kuona kazi yako pale mapokezi.

Majirani nao wana nafasi yao ila si kwenye mkoba wa zipu. Wewe ni mtu wa Mtwara unaujua msimu, minada ya korosho ikianza Oktoba hela inaanza kuingia kwenye akaunti za watu na mpaka mwaka mpya kuna harusi, kuna maulidi, kuna nyumba zinapauliwa upya. Hapo ndo utoe mikeka ya kutandika sebuleni, misala, kawa za kufunikia chakula. Mtu wa Tandahimba aliyelipwa korosho zake hakuulizi kwa nini mkeka mzuri ni bei hiyo, anauliza kama una mwingine. Ila anza kusuka mapema, Juni Julai uwe na stoki, maana ukianza kusuka wakati wenzako wanalipwa umeshachelewa.

Sasa mama wa Dar. Usimkatalie kwa hasira, mjibu vizuri mwambie bei ya jumla ni hii, na hiyo bei ya jumla isishuke chini ya gharama pamoja na siku zako, yaani kwenye mfano wetu 25,000, ye akauze 40,000 huko dukani kwake akiweza. Akisema ghali mwache aende salama. Akikubali, usimpe mikoba 20 kwa mali kauli, mpe minne tu, andikishaneni kwenye karatasi, idadi, bei, na tarehe ya kulipana, kila mtu apige picha hiyo karatasi. Akilipa vizuri round ya pili mpe minane. Mimi mali kauli siichukii, ndo imewafungulia biashara watu wengi wasio na mtaji, lakini hapo wewe ndo unayetoa mtaji na ye ndo anayekopa kwa hiyo masharti uweke wewe.

Kuhusu muda, unaweza kuupunguza bila kuharibu kazi. Chemsha rangi ya mikoba kumi kwa siku moja badala ya kuwasha moto kila mara, kata vitambaa vyote pamoja. Ukipata oda kubwa tafuta kina mama wengine wakusukie ukili kwa pima we ubaki na kushona na kumalizia, ila tafadhali wao pia walipe siku zao, usije ukawapunja vile vile unavyopunjwa wewe. Na vile vipande vya ukili vinavyobaki usivitupe, shona vikeka vya kuwekea sahani mezani, seti ya sita, vinakwenda haraka na mtu asiye na 30,000 anaondoka na kitu chako.

Jambo lingine ambalo wasusi wengi hawalipi uzito ni rangi. Kabla ya kuuza chukua kitambaa cheupe kilicholowa sugua mkoba, kikitoka na rangi huo mkoba utamharibia mtu gauni na hatarudi tena, na atawaambia na wenzake. Chemsha tena mpaka ishike, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini maana jua kali linapausha. Na huko pwani unyevu ni mwingi, masika ukili unaota ukungu upesi, usifungie mikoba kwenye mfuko wa nailoni, iachie hewa. Na ukindu wenyewe uvune kwa huruma, shina lisibaki bila jani changa hata moja, mkindu ukifa hakuna biashara.

Picha piga asubuhi nje ya nyumba, kwenye shuka jeupe au ukutani, alafu picha moja mtu awe ameuvaa begani ili ukubwa uonekane, na vipimo andika kwa sentimita. Na bei iandike hapo hapo chini ya picha, huu mtindo wa "bei njoo inboksi" unafukuza watu, mtu anahisi bei itategemea na sura yake.

Vitumbua sasa. Kama leo hii vitumbua vitalisha nyumba basi kaanga asubuhi na usuke mchana, hakuna aibu hapo na wala hujaacha kazi yako. Ila ukili usiuache.

SWALI: Shkamoo shangazi, mi kijana wa Newala nachonga mpingo, kanifundisha mjomba wangu. Nachonga ujamaa na shetani, ile mitindo ya vinyago vya Kimakonde. Wachuuzi wanakuja wananunua bei ya kutupa wanapeleka soko la vinyago la Mwenge Dar. Sasa kuna mtu yuko Ujerumani kaona picha zangu anataka vinyago vitatu. Nitume vipi na je sitakamatwa na watu wa misitu? – Mchongaji

JIBU: Marahaba baba, na hongera kwa kushika kazi ya mjomba. Hofu yako ina msingi. Mpingo ni zao la msitu, gogo liwe na karatasi, ulinunua wapi na kwa nani, na kulisafirisha kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, wale TFS, wana ofisi wilayani. Nenda waulize kabisa na kuhusu vinyago vilivyokamilika, ufike na risiti zako. Kama hujui gogo halali utalipata wapi, kule Kilwa kuna vijiji vinavyomiliki na kutunza misitu yao wenyewe, misitu ya huko ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, na mzungu wa Ujerumani akisikia kinyago chake kimetoka msitu wa aina hiyo, hiyo peke yake inaongeza thamani.

Kwa nje ya nchi, mpingo na jamii yake yote iliingizwa kwenye orodha ya CITES mwaka 2017, huo ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mwaka 2019 wakalegeza kwa vitu vilivyokwisha tengenezwa, mzigo mmoja usizidi kilo 10 za huo mti. Vinyago vitatu vidogo vinaingia humo, ila mpingo unaujua mwenyewe ulivyo, unazama kwenye maji, kwa hiyo pima kabla hujataja bei maana gharama ya kutuma inaweza kuzidi kinyago. Thibitisha TFS na posta kabla hujafunga mzigo. Na hela iingie kwanza, yote, pamoja na ya kutuma mzigo. Huyo humjui.

Halafu hili naliomba kwa moyo wote: andika jina lako chini ya kila kinyago, na mwaka, na neno Newala. Vinyago vya Wamakonde vimejaa kwenye majumba ya makumbusho na majumba ya watu duniani na vingi havina jina la aliyevichonga, vimeandikwa kabila tu, basi. Inaniuma sana. Jina ndo litamfanya mteja wa mchuuzi wa Mwenge akutafute wewe siku moja. Pia mti uukaushe taratibu kivulini, kinyago kikifika kwenye nyumba yenye hita kikapasuka utarudisha hela. Na ule mti mwingine wa kupaka kiwi cheusi ukasema mpingo waachie wengine.

SWALI: Habari shangazi, niko Lindi mjini nafuma vitambaa vya makochi na nguo za watoto kwa kroshia. Watu wanaoda alafu wanapotea, nabaki na nguo yenye ukubwa wa mtoto wao. Na wa Dar wananiambia mzigo haujafika wakati nimetuma. – Mama Kroshia

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Usishike sindano kabla hujapokea nusu. Sema tu kwa upole, "naanza kazi advansi ikiingia", anayetaka kweli atatuma, na asiyetuma amekuokolea uzi. Nusu ya pili inaingia ukishamtumia picha ya kitu kilichoisha, kabla hakijapanda basi. Ukituma kwa basi mzigo upate risiti, piga picha risiti, mzigo wenyewe na namba ya gari, mtumie mteja hapo hapo pamoja na namba ya simu ya ofisi ya basi huko Dar, akauchukue kwa jina lake. Masika mwambie mapema kwamba inaweza kuchelewa, mnakumbuka Mei 2024 mvua zilivyokata barabara kule Somanga, hapo hakuna wa kumlaumu ila mteja aliyeambiwa mapema hakasiriki. Zile nguo zilizobaki ziuze, usiziweke kabatini.

SWALI: Shangazi tuko kina mama Nachingwea, tunafinyanga na kusuka, tunataka mkopo wa halmashauri. Je lazima TIN, namba ya mlipakodi? Na tutaanza kudaiwa kodi? – Kikundi

JIBU: Kina mama, TIN inatolewa bure TRA, chukueni, asiwatoze mtu. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, kwa hiyo wekeni daftari la mauzo ili mkiulizwa muonyeshe. Mkopo ule ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, hauna riba, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, pia wapitieni kwa mafunzo ya kufungasha na kuweka nembo, mkishakua na vitu vya kutosha ulizeni nafasi ya maonyesho ya Nanenane pale viwanja vya Ngongo, Lindi. Ila kopeni kiasi ambacho oda mlizonazo zinaweza kulipa, si kiasi mnachoruhusiwa. Na kabla hamjatia sahihi kaeni chini mkubaliane kwa maandishi nani analipa sehemu ya mwenzenu akihama au akiugua.