Kazi ya sheria za ajira katika shirika la kimataifa: jibu kwa mleta uzi

Mleta uzi, umesema una miaka mitatu ukisimamia kesi za kazi mahakamani, sasa umeitwa usaili wa nafasi ya afisa rasilimali watu anayeshughulikia sheria kwenye shirika la kimataifa, na unauliza kama uzoefu wako utakufaa. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja. Utakufaa, lakini kuna mengi itabidi uyajifunze upya.

Kwanza, sheria ya kazi ya nchi, ile unayoijua vifungu kwa vifungu, humo ndani kwa kawaida haitumiki. Umoja wa Mataifa una kinga chini ya mkataba wa mwaka 1946, na mashirika yake maalumu yana mkataba wao wa 1947. Mtumishi akiachishwa kazi na kukimbilia mahakama ya kazi ya nchi aliyopo, shirika likishikilia kinga yake shauri halitasikilizwa. Sheria yake ni kanuni za watumishi, nyaraka za ndani na barua yake ya ajira. Watumishi wa Umoja wa Mataifa, tangu Julai 1, 2009, hupeleka mashauri kwenye Mahakama ya Migogoro yenye vituo New York, Geneva na Nairobi, na juu yake iko Mahakama ya Rufaa. Mashirika mengine mengi yamekubali Mahakama ya Kiutawala ya Shirika la Kazi Duniani, ILO. Benki ya Dunia ina ya kwake. Kabla hujaenda kwenye usaili, hakikisha unajua hao waliokuita wako chini ya ipi.

Tafakari maana yake kwa mtu wa kawaida. Huyu mtumishi hana mlango mwingine wa kugonga. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 1999, katika kesi ya Waite na Kennedy dhidi ya Ujerumani, ilikubali kinga ya shirika, ila ilitazama kwa uzito kama walalamikaji walikuwa na njia nyingine ya maana ya kudai haki yao. Njia hiyo, mkuu, inapita mezani kwako. Ukifanya kazi kizembe, umeiziba.

Suala linaloumiza wengi ni siku. Katika Umoja wa Mataifa, mtumishi kwa kawaida ana siku 60 tangu aarifiwe uamuzi, aombe kwa maandishi uongozi uupitie upya. Asipofanya hivyo, mahakama haitampokea. Kwa mashirika yaliyo chini ya Mahakama ya ILO, mtumishi akishamaliza ngazi za ndani, ana siku 90 tangu apewe uamuzi wa mwisho. Mwaka wangu wa pili kazini, mtumishi mmoja alipewa barua kwamba mkataba wake hautaongezwa. Mkuu wake akawa anamwambia, subiri, tunalishughulikia. Akasubiri kwa imani. Alipoleta maombi, muda ulikuwa umepita kwa siku nne, na mimi ndiye niliyeandika jibu la kumwambia amechelewa. Kisheria jibu lilikuwa sahihi, lakini bado linaniuma. Tangu siku hiyo, kila barua ya uamuzi ninayoandaa inaeleza mwishoni mtu akate rufaa wapi na kabla ya tarehe gani. Mameneja wawili walinipinga, wakidai nawafundisha watu kutushtaki. Sikurudi nyuma.

Halafu kuna sababu za uamuzi. Mkataba wa muda maalumu hauleti matarajio ya kuongezwa, na wakuu wengi wa vitengo huishia hapo. Wanasahau kwamba sababu ikishatolewa lazima iwe ya kweli. Niliwahi kuletewa jalada sababu ikiwa ni "bajeti", huku kitengo hicho hicho kikiandaa tangazo la nafasi yenye majukumu yale yale. Nikalirudisha. Nikamwita mkuu wa kitengo nikamuuliza tatizo ni nini hasa. Akasema utendaji. Nikafungua tathmini za miaka mitatu: zote nzuri, na sahihi ni yake. Tukakaa karibu saa mbili. Mkataba ukaongezwa mwaka mmoja, safari hii na malengo yaliyoandikwa na mazungumzo ya kweli. Barua ile ya mwanzo ingetoka, mahakamani tungeshindwa, na tungestahili kushindwa.

Kwenye nidhamu, angalia kiwango cha ushahidi. Umoja wa Mataifa, adhabu ikiweza kuwa kufukuzwa, hudai ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Mahakama ya ILO hudai uthibitisho usioacha shaka ya msingi. Ukivichanganya, jalada lako limekufa.

Washauri wa mkataba si watumishi, hivyo mahakama hizi kwa kawaida si zao. Migogoro yao huenda kwenye usuluhishi. Ukikuta mtu ameitwa mshauri miaka mitano huku akifanya kazi ya mtumishi, liseme mapema, kwa maandishi.

Kwenye usaili huenda ukapewa kisa cha kutatua. Usianze na vifungu. Uliza barua ilipokelewa tarehe ngapi, mkataba ni wa aina gani, na hatua zipi za ndani zimeshapitiwa. Wiki hii soma hukumu kumi kwenye tovuti za mahakama hizo, ziko wazi kwa yeyote. Anza na zile ambazo shirika lilishindwa.